Urithi Kupitia Nafasi Iliyo Wazi: Koo za Kisiasa na Mtambo wa Chama Jijini Chicago, 1931–2023

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 1955 na mwaka 2011, kipindi cha miaka 56, jiji la Chicago nchini Marekani liliongozwa na baba na mwanawe kwa zaidi ya miaka 43. Richard J. Daley alikuwa meya kuanzia Aprili 1955 hadi alipofariki dunia tarehe 20 Desemba 1976. Mwanawe wa kwanza wa kiume, Richard M. Daley, alishika wadhifa huohuo kuanzia mwaka 1989 hadi mwaka 2011. Kila mmoja wao alishinda uchaguzi wa umeya mara sita. Hapakuwa na sheria yoyote iliyoufanya umeya kuwa mali ya kurithiwa, na kila kipindi wapiga kura waliitwa vituoni kuchagua upya. Swali linalojitokeza ni hili: katika mfumo ambao kisheria hauna urithi, madaraka yalipitaje kutoka mkono wa baba hadi mkono wa mwana?

Majibu mawili hutolewa mara nyingi. La kwanza ni jina: mpiga kura humchagua anayemfahamu, na jina la baba humfahamisha mwana. La pili ni malezi: mtoto aliyekulia katika nyumba ya siasa hujifunza siasa kama mtoto wa fundi anavyojifunza kazi ya baba yake. Methali ya Kiswahili huyafupisha majibu yote mawili kwa kusema kwamba maji hufuata mkondo. Makala hii haikanushi jina wala malezi, bali inauliza ni nani aliyeuchimba mkondo huo na aliuchimba wapi. Hoja yake kuu ni kwamba katika siasa za mtambo jijini Chicago, urithi ulipita kupitia nafasi iliyoachwa wazi. Kifo, kujiuzulu au kujitoa kwa mwenye kiti kulihamisha uamuzi kutoka kwa wapiga kura wengi hadi kwa watu wachache wa chama, na wachache hao ndio waliokuwa na uwezo wa kumweka mtoto wa mwenzao.

Suala hili lina uzito kwa sababu kila nafasi iliyojazwa kwa njia hiyo ilikuwa na mtu aliyefungiwa nje. Jijini Chicago waliofungiwa nje kwa muda mrefu zaidi walikuwa wakazi weusi, ambao kura zao zilihesabiwa wakati wa ushindi, lakini sauti zao hazikusikilizwa wakati wa kuamua nani arithi.

2.0 Mkabala wa Makala

Katika mhadhara wake wa mwaka 1919 kuhusu siasa kama wito, Max Weber alimwelezea bosi wa kisiasa wa Marekani kuwa ni mjasiriamali anayekusanya kura kwa jukumu lake mwenyewe, asiyeshikilia itikadi madhubuti, na anayetafuta madaraka pasipo kujali heshima ya kijamii. Maelezo hayo yanamchora bosi mmoja mmoja. Hayaelezi kinachotokea mjasiriamali huyo anapokufa na kuacha watoto, wapwa na wakwe wanaotaka biashara iendelee.

Maandiko kuhusu Chicago nayo yamejikita katika mtu au katika kabila. Kitabu cha mwandishi wa habari Mike Royko, *Boss*, kilichotoka mwaka 1971, kilimchambua Daley mzee alipokuwa bado madarakani. Steven Erie, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alieleza jinsi Wamarekani wenye asili ya Ireland walivyodhibiti mitambo ya miji mikubwa na kuwagawia wengine kidogo. Makala hii inanufaika na kazi hizo, ila inahamisha macho kutoka kwa mtu na kabila hadi kwenye utaratibu: kanuni za kujaza nafasi, na watu waliozishika. Kwa sababu hiyo inazitazama koo kadhaa badala ya ukoo mmoja, zikiwamo zisizo na asili ya Ireland.

3.0 Muundo wa Mtambo

Mtambo wa Chama cha Democratic jijini Chicago uliunganishwa na Anton Cermak, mhamiaji kutoka Bohemia, aliyeshinda umeya mwaka 1931 kwa kukusanya chini ya mwavuli mmoja makundi ya wahamiaji yaliyokuwa yakipingana. Jiji lilikuwa na kata 50. Kila kata ilikuwa na diwani katika baraza la jiji, na pia ilikuwa na mkuu wa chama wa kata, aliyechaguliwa na wanachama. Mara nyingine mtu mmoja alishika nyadhifa zote mbili. Palipotokea kugawanyika, mwenye nguvu alikuwa mkuu wa chama, kwa kuwa ndiye aliyependekeza watu wa kuajiriwa na wagombea wa kuungwa mkono.

Chini yake walikuwapo makumi ya wajumbe, kila mmoja akisimamia eneo la kituo kimoja cha kupigia kura. Msomaji wa Tanzania anaweza kumlinganisha mjumbe huyo na balozi wa nyumba kumi, kwa tofauti moja kubwa: mjumbe wa Chicago kwa kawaida alikuwa mwajiriwa wa jiji au kaunti, na kazi yake ilitegemea idadi ya kura alizoleta. Wakati wa Daley mzee, ajira zilizogawanywa kwa njia hii hukadiriwa kuwa kati ya 30,000 na 40,000. Mjumbe alijua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani ana kesi, na nyumba ya nani haijachukuliwa taka. Siku ya uchaguzi fadhila hizo zilirudi kama kura.

Wakuu wa kata walipokaa pamoja ndio waliokuwa kiini cha kamati kuu ya chama katika Kaunti ya Cook. Kamati hiyo ilikuwa na mamlaka mawili. Kwanza, iliamua nani aungwe mkono katika uchaguzi wa mchujo. Pili, mgombea aliyekwisha kuteuliwa alipokufa au kujitoa kabla ya uchaguzi mkuu, wakuu wa kata wa eneo husika walimchagua mbadala wake, na uzito wa kura ya kila mkuu ulitegemea wingi wa kura ambazo kata yake iliupatia chama. Mamlaka ya pili hayakuzungumzwa sana na wananchi, kwa sababu yalitumika kwa nadra. Hata hivyo, ndiyo yaliyobeba urithi.

Mfano wa awali wa nguvu ya nafasi iliyo wazi haukuhusu ukoo wowote. Cermak alipigwa risasi jijini Miami mwezi Februari 1933 na kufariki mwezi uliofuata. Sheria ya jimbo ilirekebishwa ili baraza la jiji liweze kumchagua meya kutoka nje ya madiwani, na Edward Kelly, mhandisi aliyekuwa chaguo la mwenyekiti wa chama Patrick Nash, akawa meya bila kupigiwa kura na mwananchi hata mmoja. Alikaa hadi mwaka 1947.

4.0 Ukoo wa Mtaa Kabla ya Ukoo wa Damu

Kelly alizaliwa Bridgeport, mtaa wa wafanyakazi ulio karibu na yaliyokuwa machinjio makuu ya Chicago. Martin Kennelly aliyemfuata alizaliwa hukohuko. Daley mzee alizaliwa Bridgeport mwaka 1902, akaishi huko hadi kufa kwake. Michael Bilandic aliyemrithi alitoka kata hiyohiyo ya 11, na Daley mwana pia alilelewa humo. Kwa maneno mengine, tangu mwaka 1933 hadi 1979 kila meya wa Chicago alikuwa mtu wa mtaa mmoja. Kabla ya kuwapo ukoo wa damu palikuwapo ukoo wa mtaa, uliofungwa kwa parokia za Kikatoliki, vilabu vya vijana na kazi za machinjioni.

Daley mzee mwenyewe aliingia katika siasa za jimbo kupitia nafasi iliyo wazi. Mwaka 1936 mjumbe wa bunge la jimbo David Shanahan, wa Chama cha Republican, alifariki muda mfupi kabla ya uchaguzi. Daley, ambaye alikuwa mwanachama wa Democratic, alichaguliwa kwa jina lake kuandikwa kwa mkono kwenye karatasi za kura, katika safu ya Republican. Baada ya kuapishwa alirejea upande wa chama chake. Mwaka 1947 alipata ukuu wa chama wa kata ya 11, na mwaka 1953 akawa mwenyekiti wa chama katika kaunti nzima. Mwaka 1955, kamati aliyoiongoza ilimwacha meya Kennelly na kumuunga mkono mwenyekiti wake. Daley alimshinda Kennelly katika mchujo, kisha akamshinda Robert Merriam katika uchaguzi mkuu. Hakuuachia uenyekiti wa chama alipoingia ofisi ya meya. Aliyegawa ajira za jiji na aliyechagua wagombea wa chama sasa walikuwa mtu mmoja.

5.0 Nafasi Tatu: 1976, 1979 na 1987

Ingetarajiwa kwamba mtu mwenye madaraka hayo angemwandaa mwanawe kumrithi moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Daley mzee alipokufa ghafla mwaka 1976, mwanawe alikuwa seneta wa jimbo mwenye umri wa miaka 34. Diwani Wilson Frost, mtu mweusi aliyekuwa mwenyekiti wa muda wa baraza la jiji, alidai kwamba kwa nafasi hiyo yeye ndiye kaimu meya. Alipofika ofisi ya meya alikuta milango imefungwa. Baada ya siku za majadiliano baraza lilimchagua Bilandic, na Frost akapewa uenyekiti wa kamati ya fedha.

Tukio hilo linaonesha maana ya urithi wa mtambo kwa uwazi zaidi kuliko ushindi wowote wa familia ya Daley. Frost alikuwa na cheo, na alikuwa na hoja ya kisheria iliyostahili kusikilizwa. Alichokosa ni kura za wakuu wa kata waliokuwa nyuma ya madiwani. Nafasi ilipokuwa wazi, kilichoulizwa ni nani wetu. Urithi katika hatua hii ulikuwa wa mtaa na wa rangi, na damu ilikuwa bado inasubiri.

Nafasi ya pili ilifunguliwa na wapiga kura wenyewe. Dhoruba ya theluji ya Januari 1979 ilikwamisha jiji, na wananchi waliokasirishwa na jinsi serikali ilivyoishughulikia wakampa Jane Byrne ushindi dhidi ya Bilandic katika mchujo. Mlolongo wa mameya wa Bridgeport ukakatika. Mwaka 1980 Daley mwana aligombea uendesha mashtaka mkuu wa kaunti. Mpinzani wake katika mchujo, aliyeungwa mkono na meya Byrne, alikuwa Edward Burke, naye mwana wa diwani. Daley alishinda, kisha akashinda uchaguzi mkuu.

Mwaka 1983 aligombea umeya akiwa na kila kitu ambacho nadharia ya jina inakihitaji. Alikuwa wa tatu. Harold Washington alishinda mchujo akitanguliza harakati kubwa ya uandikishaji wa wapiga kura weusi, Byrne akawa wa pili. Washington akawa meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Iwapo jina peke yake lingetosha kurithisha, mwaka 1983 ndio uliofaa kulithibitisha. Kinyume chake, matokeo yalionesha kwamba mbele ya wapiga kura waliohamasika, jina la Daley lilikuwa na thamani ya theluthi moja hivi ya kura za chama.

Nafasi ya tatu ndiyo iliyomrudisha. Washington, aliyekuwa amechaguliwa tena mwezi Aprili, alifariki ofisini tarehe 25 Novemba 1987. Katika kikao kilichokesha hadi alfajiri ya tarehe 2 Desemba, huku umati ukipiga kelele nje na ndani ya ukumbi, baraza lilimchagua diwani Eugene Sawyer. Sawyer alikuwa mweusi, lakini kura nyingi alizopata zilitoka kwa madiwani weupe waliompinga Washington. Wafuasi wengi wa Washington walimtaka Timothy Evans. Mpasuko huo haukupona. Katika uchaguzi maalumu wa mwaka 1989 Daley alimshinda Sawyer katika mchujo, kisha akamshinda Evans aliyesimama kwa chama kingine, pamoja na Edward Vrdolyak wa Republican. Baraza halikumchagua Daley usiku ule wa Desemba. Lakini namna lilivyoijaza nafasi ndiyo iliyouvunja muungano pekee uliokuwa umemshinda.

6.0 Koo Nyingine: Utaratibu Uleule

Iwapo hoja ya makala hii ingehusu familia moja tu, ingeweza kuchukuliwa kuwa ni bahati. Mifano mingine inaonesha vinginevyo.

Edward Burke aliyetajwa juu alikuwa mwana wa Joseph Burke, diwani wa kata ya 14 aliyefariki mwaka 1968. Kijana huyo alichukua kwanza ukuu wa chama wa kata, na mwaka uliofuata akawa diwani. Alikaa katika baraza hadi mwaka 2023, miaka 54. Mpangilio huo wa hatua ni wa kuzingatiwa: chama kwanza, kura ya wananchi baadaye.

William Lipinski alikuwa mbunge wa Marekani kutoka eneo la kusini-magharibi mwa Chicago tangu mwaka 1983. Mwaka 2004 alishinda mchujo, kisha mwezi Agosti akatangaza kujitoa. Wakuu wa chama wa eneo hilo, naye akiwa miongoni mwao, wakamteua mwanawe Dan, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu katika jimbo la Tennessee. Kwa kuwa eneo hilo ni ngome ya Democratic, uamuzi wa kikao ulikuwa sawa na uchaguzi.

Familia ya Stroger inaondoa dhana kwamba urithi huu ulikuwa desturi ya Wairishi. John Stroger, kiongozi mweusi wa kata ya 8, alikuwa rais wa bodi ya Kaunti ya Cook tangu mwaka 1994. Mwanawe Todd alikuwa ameingia katika baraza la jiji mwaka 2001 kwa kuteuliwa na meya Daley kujaza nafasi. Machi 2006 baba alipata kiharusi siku chache kabla ya mchujo, akashinda hata hivyo. Miezi kadhaa umma haukujulishwa hali yake kwa uwazi. Alipojitoa mwezi Julai, wakuu wa kata walimweka Todd katika nafasi ya baba, naye akashinda mwezi Novemba. Mtu mmoja alikuwa amepitishwa katika mlango wa nafasi iliyo wazi mara mbili. Mtambo uliomfungia Frost nje mwaka 1976 ulikuwa umejifunza kuwarithisha watu weusi pia, ilimradi wawe watoto wa wakuu wake.

7.0 Mipaka ya Urithi

Daley mwana alitawala bila zana kuu ya baba yake. Kesi iliyofunguliwa na mwanasheria Michael Shakman mwaka 1969 ilizaa amri za mahakama zilizokataza kumfukuza mfanyakazi kwa sababu za kisiasa, na baadaye kumwajiri kwa sababu hizo. Mwaka 2006 baraza la mahakama ya shirikisho lilimtia hatiani ofisa wa ofisi ya meya kwa kughushi taratibu za ajira ili kuwapendelea wafanya kampeni, jambo linaloonesha kwamba zana hiyo ilikuwa imefichwa tu, haikutupwa. Hata hivyo, nguzo mpya zilikuwa michango ya wafanyabiashara, mikataba, na mali za umma zilizokodishwa kwa kampuni binafsi. Maegesho ya barabarani, kwa mfano, yalikodishwa mwaka 2008 kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15 hivi.

Nguzo hizo zilimfaa aliye madarakani, lakini hazikurithishika kwa urahisi. Aidha, sheria ya mwaka 1995 iliuondoa mchujo wa vyama katika uchaguzi wa meya, na hivyo ikaondoa sehemu ambayo kamati ya chama ilikuwa na sauti kubwa zaidi. Mwaka 2019 William Daley, ndugu wa meya wa zamani na aliyewahi kuwa waziri wa biashara wa Marekani, aligombea umeya miongoni mwa wagombea 14. Alikuwa wa tatu, hakufika duru ya pili. Todd Stroger alishindwa katika mchujo wa mwaka 2010, na Dan Lipinski katika mchujo wa mwaka 2020. Deb Mell, aliyeteuliwa mwaka 2013 kumrithi baba yake katika kata ya 33, alishindwa mwaka 2019 kwa kura 13. Katika kata ya 11 yenyewe, mjukuu wa Daley mzee alipoteza udiwani mwaka 2022 baada ya kutiwa hatiani katika mahakama ya shirikisho. Meya Lori Lightfoot akamteua Nicole Lee, Mmarekani mwenye asili ya China, ambaye alichaguliwa na wapiga kura mwaka 2023.

Mfano kutoka nje ya Chicago unasaidia kupima hoja hii. Jijini Jersey City, Frank Hague alikuwa meya tangu mwaka 1917 hadi 1947, kisha akajiuzulu na kumwachia kiti mpwa wake, Frank Hague Eggers. Miaka miwili baadaye Eggers alishindwa na John V. Kenny, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kata katika mtambo huohuo. Nafasi ilifunguliwa na ikajazwa na ndugu, lakini wakuu wa kata hawakuwa wamoja. Kwa hiyo nafasi iliyo wazi ni sharti la urithi, wala si dhamana yake. Mrithi anahitaji wakuu wa kata wanaonufaika kwa kumweka, na anahitaji wapiga kura ambao hawajapata sababu ya kutosha ya kukataa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba koo za kisiasa za Chicago hazikusimama juu ya damu peke yake. Kelly mwaka 1933, Daley mzee mwaka 1936, Burke mwaka 1968, Bilandic mwaka 1976, Lipinski mwaka 2004 na Stroger mwaka 2006 wote walipita katika nafasi iliyo wazi, na baadhi yao hawakuwa na undugu wowote na waliowatangulia. Mlango ulijengwa kwa ajili ya chama. Familia ziliutumia kwa sababu zilikuwa zimekaa karibu nao. Pale ambapo wapiga kura walipewa uchaguzi wa kweli wa kugombewa tangu mwanzo, kama mwaka 1983 na mwaka 2019, jina la baba halikutosha.

Kwa watafiti wa siasa za urithi mahali pengine, yakiwamo mataifa yetu, tokeo hili linashauri kubadili mahali pa kuanzia. Badala ya kuanza na picha ya familia, inafaa kuanza na kanuni: nani huteua mgombea anapojitoa au kufa, kikao hicho huhudhuriwa na nani, kura zao zina uzito gani, na umma hujulishwa lini. Wilson Frost hakushindwa na mtoto wa mtu yeyote. Alishindwa na kikao, na kikao hichohicho ndicho kilichokuja kuwafaa watoto.